Darasa la saikolojia lianzie Mtaa wa Congo

Ninasoma shahada ya kwanza ya saikolojia, mwaka wa tatu, katika chuo kidogo ambacho ukitoka mlangoni na kukata kona mbili tu umeshaingia Kariakoo. Asubuhi nafungua duka la khanga la shangazi yangu Mtaa wa Uhuru, mchana namwachia mdogo wangu, saa tisa niko darasani. Tumo ishirini na kitu. Hatuna ukumbi wa viti vya ngazi, hatuna maabara, na maktaba yetu ni chumba kimoja chenye feni. Wenzetu wa vyuo vikubwa wakisikia tunakosoma hutupa pole. Naandika kuikataa pole hiyo. Kwa mtu anayetaka kusoma saikolojia Tanzania, sioni mahali bora kuliko chuo kidogo kilichokaa ubavuni mwa soko, ilimradi chuo chenyewe kikubali kwamba soko ni sehemu ya masomo. Hapo ndipo tunapokwama, na ndipo ninapotaka tuzungumze.

Nianzie Uganda. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala akimfuata mumewe, aliyepata kazi katika taasisi ya utafiti wa jamii ya Afrika Mashariki pale Makerere. Maabara hakuwa nayo. Alitafuta mkalimani, akaanza kwenda nyumba kwa nyumba katika vijiji vya Buganda vilivyo jirani na mji, akakaa barazani na sebuleni mwa familia 26, miezi kadhaa, akiwatazama watoto wachanga wanavyonyonya, wanavyolia, wanavyobebwa na wanavyotambaa. Aliona kwamba mtoto akishajua kutambaa humwacha mama yake akaenda kuchunguza kitu, kisha hugeuka kumtazama, au hurudi kumgusa, halafu huondoka tena. Aliona pia kwamba mama aliyeweza kumweleza mwanawe kwa undani, anapenda nini, anaogopa nini, akilia vile maana yake nini, mara nyingi ndiye ambaye mwanawe alitulia na kuthubutu. Kitabu chake juu ya watoto wa Uganda kilitoka mwaka 1967. Alikuja kuendeleza kazi hiyo Baltimore, Marekani, na leo ni vigumu kumpata mwanafunzi wa saikolojia, awe Nairobi au London, aliyemaliza shahada bila kufundishwa habari za mshikamano wa mtoto na mlezi wake. Sehemu kubwa ya somo hilo wanalofundishwa ilianza kwa akina mama wa Kiganda waliomkaribisha mgeni nyumbani.

Mwalimu wetu alipomaliza kutusimulia hayo hakutupa madesa. Alitwambia twende mtaani, kila mmoja amtafute mtoto mmoja mchanga, aombe ruhusa kwa mlezi wake, amtazame kwa saa moja na kuandika anachokiona. Mimi nilikwenda kwa mama lishe mmoja Mtaa wa Mchikichi ambaye hutuletea chakula dukani. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu. Akacheka: "Mwanangu, yaani chuo kinakutuma uje umwangalie huyu? Kaa hapo kwenye benchi, lakini usinizibie wateja."

Mtoto alikuwa na umri wa miezi kumi hivi. Alikuwa amewekwa ndani ya beseni kubwa la plastiki, kati ya gunia la mkaa na ndoo za maji. Alijivuta ukingoni, akatoka, akatambaa mpaka mguu wa benchi, akaushika, akageuka. Mama yake alikuwa anapakua ugali na hakumtazama, ila alimwita kwa jina, mara moja, kwa sauti ya kawaida kabisa, na mtoto akaendelea na safari yake. Katika saa hiyo alishikwa na kuli aliyekuja kunywa uji, na binti wa duka la vyombo vya jikoni, na mteja aliyekuwa akisubiri chenji, na mzee anayeuza kahawa, na mimi. Alilia mara moja, mkokoteni ulipopita karibu. Binti wa vyombo ndiye aliyemfikia kwanza. Mtoto alinyamaza mikononi mwake, lakini macho yalikuwa kwa mama.

Tuliporudi darasani tulibishana mpaka muda ukaisha. Mtoto aliyelelewa na mikono mingi kiasi hicho, kituo chake cha kurudia ni nani? Ni mama peke yake, au ni kibanda kizima? Mwenzetu aliyemtazama mtoto wa dada wa kazi Upanga alikuwa na jibu lake, na aliyekwenda kwa bibi yake Gerezani alikuwa na lake. Mwalimu alikusanya madaftari yote akayasoma neno kwa neno. Kila palipoandikwa "mtoto alifurahi" palizungushiwa wino mwekundu na swali pembeni: uliona nini? Kazi hiyo haiwezekani kwa mwalimu mwenye wanafunzi mia nne. Hata akiwa na moyo wa dhahabu atatoa mtihani wa kuchagua jibu sahihi, kwa kuwa hana njia nyingine. Udogo wa darasa letu, ule tunaopewa pole kwa ajili yake, ndio uliotufundisha kutofautisha tulichokiona na tulichokidhania, na bila kujua tofauti hiyo mtu hajaanza kusoma saikolojia.

Lakini ile ilikuwa saa moja. Sehemu kubwa ya miaka mitatu imekwenda kwenye makaratasi yaliyonakiliwa kutoka vitabu vya Marekani na Uingereza, yenye majaribio waliyofanyiwa wanafunzi wa vyuo vya huko. Mwaka 2008 mtafiti wa Marekani, Jeffrey Arnett, alipitia majarida makubwa ya chama cha wanasaikolojia wa nchi yake akakuta kwamba asilimia 96 ya watu waliochunguzwa walitoka nchi za Magharibi zilizoendelea kiviwanda, wakati nchi hizo zina takriban asilimia 12 tu ya watu wote duniani. Nilipoyasoma hayo nilifunga daftari nikatoka kwenda kupunga upepo. Tunakariri tabia za sehemu ndogo ya binadamu na kuziita tabia za binadamu.

Chukua lile jaribio maarufu la Walter Mischel wa Stanford: mtoto mdogo anawekewa kitamu mezani, anaambiwa akivumilia bila kukila mpaka mkubwa arudi ataongezwa cha pili. Tumelisoma katika masomo mawili tofauti. Hakuna karatasi yetu hata moja iliyotaja kwamba Bettina Lamm na wenzake walilirudia jaribio hilo kwa watoto wa miaka minne wa jamii ya Wanso, Cameroon, na wa Ujerumani, wakachapisha matokeo mwaka 2018. Wanso, waliowekewa andazi la kwao, walivumilia wapatao asilimia 70. Wajerumani hawakufika hata theluthi. Habari hiyo niliipata mwenyewe kwenye simu, nikiwa nasubiri wateja dukani. Niliipeleka darasani na mwalimu akaisomea wote, na kwa hilo namshukuru. Lakini ilipaswa kuwa ndani ya mtaala. Haikupaswa kungoja bahati ya mwanafunzi mmoja na bando lake.

Kuna utafiti mwingine ambao kwa maoni yangu ungepaswa kuwa kazi ya kwanza ya kila mwanafunzi wa saikolojia anayesomea karibu na Msimbazi. Mwaka 1985 Terezinha Nunes Carraher na wenzake walichapisha habari za watoto wachuuzi wa Recife, Brazili. Walinunua kwao nazi na machungwa huku wakiwauliza hesabu, na watoto wakapata karibu zote, asilimia 98. Baadaye waliwapa hesabu zilezile kwenye karatasi, kwa mtindo wa shule, nao wakapata asilimia 37. Nani katika Kariakoo asiyemjua mtoto huyo? Likizo ikifika utamkuta Mtaa wa Congo na mifuko begani, anakupigia hesabu ya mifuko saba kwa bei ya jumla na kukurudishia chenji kabla hujafungua kalamu, ilhali ripoti yake ya shule inasema hisabati hajui. Hapa jirani Bagamoyo, Robert Sternberg akiwa na watafiti wenzake, Watanzania wakiwemo, waliwapa watoto wa shule majaribio ya akili, wakawafundisha kwa muda mfupi namna ya kuyaendea, kisha wakawapa tena. Alama zilipanda. Walichapisha mwaka 2002. Jaribio la mara moja lilikuwa limewapunja watoto wale. Bagamoyo ni safari ya basi moja kutoka hapa, nasi tunaifahamu kwa jengo la Caravan Serai tu.

Naomba nisieleweke kwamba nataka tutupe vitabu vya wageni. Ainsworth alikuwa mgeni. Ninachokiogopa ni kile kilichotokea watu wetu walipochunguzwa bila wenyewe kuwa na sauti katika uchunguzi. J. C. Carothers aliiongoza hospitali ya Mathari, Nairobi, kwa miaka mingi wakati wa ukoloni. Mwaka 1951 aliandika kwamba Mwafrika hatumii sawasawa sehemu ya mbele ya ubongo wake. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika, na mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ya Kenya ikachapisha maelezo yake juu ya Mau Mau, kana kwamba kudai ardhi ni ugonjwa. Huyo alikuwa mtaalamu, na maneno yake yalikuwa na muhuri. Hakukuwa na darasa la vijana wa Kikuyu lenye mwalimu wa kuzungushia wino mwekundu na kumuuliza: uliona nini?

Na jibu la uchunguzi wa namna hiyo tunalo, tena mjini humuhumu. Profesa Sylvia Kaaya wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, pamoja na wenzake akina Jessie Mbwambo, waliandaa dodoso la kutambua sonona kutokana na namna watu wa Dar es Salaam wenyewe wanavyoyaeleza mateso yao. Lina maswali 19, na utafiti juu yake ulichapishwa mwaka 2008. Ukitoka Kariakoo kwa miguu kuelekea Upanga, jasho halijakauka umefika walikofanyia kazi hiyo. Kwangu mimi hilo ni jambo kubwa, kwa sababu dukani nasikia kila siku watu wakijieleza. Mteja hanunui doti moja ya khanga dakika tano. Anakaa, anakunywa maji, anasema mawazo yamemjaa, kichwa kinawaka moto, moyo unaenda mbio usiku, mwili hauna nguvu na hospitali wamempima malaria hawakuiona. Hasemi kabisa kwamba ana huzuni. Mwanafunzi aliyefundishwa kusubiri neno huzuni atampita mwanamke huyu bila kumwona. Mwanafunzi aliyeanza na maswali ya Muhimbili atavuta kigoda.

Na Kariakoo ina mambo ya kumvutia kigoda. Julai 2021 soko kuu liliungua. Asubuhi ya Jumamosi, 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa lilianguka pale Mchikichi na Congo likiwa na watu ndani, na kwa siku kadhaa tulisimama nyuma ya utepe tukisikia kwamba waliofukiwa chini wapo hai, wanapelekewa maji na hewa. Waliokufa walizidi ishirini. Mitambo ilipoondoka, vifusi vilipozolewa, biashara zilirudi, maana kodi ya fremu haisubiri. Lakini najua mfanyabiashara ambaye mpaka leo hashuki kwenye stoo ya chini ya ardhi, humtuma kijana. Najua kuli ambaye lori likimwaga kokoto mtaa wa pili hutua mzigo na kukaa kitako. Hakuna aliyewaita wagonjwa na wao wenyewe hawajiiti hivyo. Juu ya hayo kuna kausha damu, mikopo ya riba ya kila siku inayomfanya mama wa biashara ya mtaji mdogo abadilishe njia ya kwenda nyumbani ili asikutane na anayemdai. Nimewaona wanawake wakiingia dukani kwetu kujificha nyuma ya majora.

Siku zile za Novemba wanafunzi wa saikolojia tulikuwa tunajiandaa na majaribio ya katikati ya muhula. Soko lilikuwa na kiwewe cha wazi, na sisi, tunaosomea mambo ya kiwewe umbali wa kusikia king'ora, hatukuwa na nafasi yoyote iliyoandaliwa ya kusaidia hata kwa kusikiliza chini ya usimamizi. Simlaumu mtu mmoja kwa hili. Hakuna aliyekuwa amewahi kuliwaza. Ndiyo maana naliandika gazetini.

Harare waliliwaza. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha akina bibi wa mtaani, wengi wao wahudumu wa afya wa kujitolea, wakae kwenye benchi nje ya zahanati na kumsaidia mtu kuchambua tatizo lake, moja baada ya jingine, mpaka apate hatua ya kuchukua. Mwaka 2016 walichapisha jaribio lililofanywa katika zahanati 24, lenye washiriki 573, na waliokaa kwenye benchi walionekana kupata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wale bibi hawakuwa na shahada. Walikuwa na mafunzo mafupi, wasimamizi, na mahali pa kumpeleka mtu ambaye tatizo lake limezidi uwezo wa benchi.

Kwa hiyo ninachokiomba ni hiki. Mafunzo kwa vitendo ya wanafunzi wa saikolojia wa vyuo vidogo vya katikati ya jiji yafanyike Kariakoo, angalau kwa sehemu. Wengi wetu tunapelekwa kwenye ofisi za rasilimali watu, tunapanga mafaili na kupiga chapa barua kwa wiki nane. Badala yake chuo kiombe chumba kimoja kwa uongozi wa soko, kiweke mwanasaikolojia tiba au muuguzi wa afya ya akili kuwa msimamizi, na kiwe na utaratibu wa maandishi wa kutoa rufaa Mnazi Mmoja, Amana au Muhimbili. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atazame na kuandika. Wa mwaka wa pili ahoji kwa dodoso, kwa Kiswahili, na ripoti yake iruhusiwe kubaki na maneno ya mtu kama yalivyosemwa. Wa mwaka wa tatu akae na mama lishe na viongozi wa machinga waliopewa mafunzo, asikilize, na kila jioni msimamizi apitie alichokisikia.

Nimeshasikia hoja ya kwamba wanafunzi watafanya mchezo na maisha ya watu. Ni hoja nzito, na naichukua kwa uzito wake. Kariakoo siri haikai. Mtu akionekana kuingia chumba fulani, kabla ya adhuhuri habari imefika Shaurimoyo. Chumba kikae mahali ambapo shughuli nyingine pia zinafanyika, kama vile ofisi ya vikoba, ili anayeingia asijulikane kafuata nini. Mwanafunzi atakayetoa siri aondolewe kwenye kozi. Tena kuna sheria. Kanuni ya Adhabu yetu bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Mwanamke aliyezidiwa na kausha damu akimwambia mwanafunzi kwamba juzi alikunywa sumu ya panya, akapona, atakuwa amejieleza kama mgonjwa au amekiri kosa? Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha aina hiyo katika sheria yao ni kinyume cha katiba. Wabunge wetu wakifute cha kwetu. Haiwezekani kumwomba mtu afungue moyo wake huku mlango wa polisi umeachwa wazi nyuma yake.

Hoja ya pili ni ya fedha, kwamba vyuo vidogo havina uwezo. Chumba, meza, viti, na posho ya msimamizi. Wafanyabiashara wa Kariakoo huchangishana kwa msiba na kwa harusi ndani ya siku mbili. Na mji huu umewahi kuthubutu mambo magumu kuliko hilo. Februari 2011 Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni kwa watumiaji wa heroini, na dawa hutolewa mpaka leo.

Ratiba ya mafunzo kwa vitendo ya mwaka ujao hupangwa kabla ya likizo ndefu. Wakuu wa vyuo vyetu wana wiki chache za kuandika barua ya kuomba chumba. Shangazi yangu ameshasema benchi la duka letu lipo, na mkeka upo, kama soko litachelewa kujibu.